Mjane Hakurithi Kiti

Mbunge akifa, mkewe akachukua fomu, akapita, neno linalofuata mnalijua: amerithi. Liko kwenye mabaraza ya Kilindoni kama lilivyo Nairobi na Kampala. Wenye adabu husema amepata kura za rambirambi. Wengine husema amepewa kiti kama mfiwa anavyopewa ubani. Wasomi nao hulivika joho neno hilohilo, wakaliita siasa za kifamilia, wakalaani ufalme unaoingia bungeni kwa mlango wa nyuma. Hukumu yao wote ni moja: mwanamke yule hayupo pale kwa stahili yake, yupo kwa sababu ya kifo cha mtu mwingine.

Naipinga hukumu hiyo. Naipinga nikiwa Mafia, kisiwa ambacho mirathi na eda ni mambo ya nyumbani na ya jirani, na kwa hiyo tunayo haki ya kuwauliza wanaosema "amerithi" kama wamelipima neno lao.

Tuanze na mirathi yenyewe. Mtu akifa hapa akaacha minazi Kirongwe, nyumba Kilindoni na mashua inayokwenda Nyamisati, mali yake haigawiwi kwa machozi. Yalipwe madeni kwanza, utazamwe wasia, kisha yaje mafungu. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto anapata thumni, sehemu moja ya nane. Wajane wakiwa wawili au watatu, wanagawana thumni hiyohiyo. Marehemu asipoacha mtoto, mjane anapanda mpaka robo, haendi zaidi. Watoto ndio wanaobeba fungu kubwa, mwana wa kiume akichukua mara mbili ya dada yake. Hesabu hii anaijua hata ambaye hakupita darasani.

Basi kama kiti cha ubunge kingekuwa mali ya kurithiwa, mjane angepewa ukingo wa kiti, wana wa kiume wangekaa. Na siasa za Afrika Mashariki zimekwenda hivyo hasa. Moses Mudavadi alipofariki mwaka 1989, kiti chake cha Sabatia, Kenya, kilikwenda kwa mwanawe Musalia, kijana ambaye alikuwa hajafika miaka thelathini. Jaramogi Oginga Odinga alipofariki Januari 1994, Bondo ikamchagua mwanawe Oburu. Mutula Kilonzo alipofariki Aprili 2013, useneta wa Makueni ukaenda kwa Mutula Kilonzo mdogo kabla mwaka haujaisha. Kwetu Tanzania, Dkt. William Mgimwa, Waziri wa Fedha, alifariki tarehe 1 Januari 2014, na Machi 16 mwaka huohuo jimbo la Kalenga likamchagua mwanawe Godfrey. Aliyeshindwa naye katika uchaguzi ule alikuwa mwanamke, Grace Tendega wa CHADEMA, aliyesimama bila kivuli cha marehemu yeyote.

Je, nani aliwaita wanaume hao mayatima wa kisiasa? Nani aliandika kwamba Musalia Mudavadi, aliyekuja kuwa waziri na mmoja wa vigogo wa Kenya, alipata kura za rambirambi? Waliambiwa wanaendeleza kazi ya baba. Damu ya baba ilihesabiwa kuwa sifa. Mjane, ambaye huenda alilala macho na marehemu usiku wa kuhesabu kura mara tatu au nne, anaambiwa amedandia. Mwenye kuchukia siasa za kifamilia na aanze na mafungu makubwa, kisha aje kwenye thumni.

Sisemi kwamba jina halisaidii. Jina linasaidia, na ni haki kulalamika juu ya hilo. Lakini jina ni mtaji wa kumfikisha mtu kwenye jukwaa, na kutoka hapo wapiga kura wana yao. Wameru wa Arumeru Mashariki walilionyesha hilo Aprili 2012, walipomkataa Sioi Sumari, mtoto wa marehemu mbunge wao Jeremiah Sumari, wakamchagua Joshua Nassari wa upinzani. Na kwa wajane ni vilevile. Jimbo la Juja, Kenya, lilifiwa na Francis Munyua Waititu mnamo Februari 2021. Mjane wake, Susan Njeri Waititu, alisimamishwa na Jubilee, chama cha rais aliyekuwa madarakani. Alikuwa na kila kitu ambacho nadharia ya rambirambi inakihitaji: msiba mbichi, jina, chama, dola. Tarehe 18 Mei akashindwa na George Koimburi wa chama kidogo cha PEP. Wanaosema watu hupiga kura kwa machozi watueleze Juja walilia wapi.

Kesi ninayoirudia kila ninapobishana juu ya jambo hili ni ya Bomet, kwa sababu ilikuja na kipimo chake. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyokuwa ikielekea Kericho ilianguka, ikawaua Kipkalya Kones, mbunge wa Bomet na Waziri wa Barabara, na Lorna Laboso, mbunge wa Sotik aliyekuwa waziri msaidizi. Ajali ni moja, siku ni moja, majimbo ni jirani. Tarehe 25 Septemba yote mawili yakapiga kura. Bomet ikamchagua Beatrice Kones, mjane wa Kipkalya. Sotik ikamchagua Joyce Laboso, ndugu wa Lorna. Magazeti yakawaandika pamoja kama watu waliobebwa na jeneza.

Sasa tazameni kilichofuata. Joyce Laboso, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton kabla ya msiba ule, mwaka 2013 akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Bomet, mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa huo Kenya nzima. Alipofariki Julai 2019 nchi ilimlilia yeye kwa jina lake. Waliokumbuka kwamba aliingia kwa kifo cha nduguye walikuwa wachache. Beatrice Kones aliteuliwa waziri msaidizi, bunge lile likaisha, kiti kikatoka mikononi mwake. Hapo ndipo kisa chake kilipaswa kwisha, kama kweli alikuwa mtu wa rambirambi. Hakikwisha. Mwaka 2017, miaka tisa baada ya ajali, wapiga kura wa Bomet Mashariki walimchagua kuwa mbunge wao. Uchaguzi wa 2022 kiti kikaenda kwa mwingine. Hapo pana mtu aliyechaguliwa, akakaa nje, akarudi, akaondoka, kama mwanasiasa mwingine yeyote. Hakuna rambirambi ya miaka tisa.

Naivasha wana kisa kirefu zaidi. Mbunge wao Paul Kihara alifariki mwaka 2003, akiwa hajamaliza hata muhula wake, na mjane wake Jayne Kihara akashinda uchaguzi mdogo. Mwaka 2007 Naivasha ikamwondoa, ikamweka John Mututho. Mama huyo alikaa nje ya Bunge miaka kumi. Mwaka 2017 akarudi kwa kura, 2022 akachaguliwa tena, safari hii kwa tiketi ya UDA, chama cha rais. Julai 2025 polisi walimkamata nyumbani kwake kwa sababu ya maneno aliyoyasema dhidi ya rais huyohuyo wa chama chake. Walioshikilia kwamba mjane ni kibaraka wa chama, kwamba huwekwa pale ili anyooshe mkono anapoambiwa, wana deni la kueleza kukamatwa huko. Zaidi ya miaka ishirini tangu kifo cha mumewe, mama huyu ana maneno ambayo wanaume wengi wa Bunge lile hawakuthubutu kuyatamka.

Kuna kisa kingine kinachofurahisha kukieleza, kwa sababu kinaipindua hesabu yote. Winfred Nyiva Mwendwa alichaguliwa mbunge wa Kitui Magharibi mwaka 1974. Mumewe, Kitili Mwendwa, aliyekuwa Jaji Mkuu wa kwanza Mwafrika wa Kenya, alikuja baadaye kuwa mbunge wa jimbo hilohilo, akafa katika ajali ya gari mwaka 1985. Nyiva alirudi bungeni mwaka 1992, na 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika historia ya Kenya. Hapa nani alimrithi nani? Mke alitangulia. Na bado zipo kumbukumbu zinazomtaja kwanza kama mjane wa Kitili, kana kwamba ubunge wa 1974 ulisubiri kifo cha 1985. Jimbo hilohilo la Kitui Magharibi, miongo mitatu baadaye, lilimpoteza Francis Nyenze, aliyekuwa kiongozi wa walio wachache bungeni, Desemba 2017. Mjane wake Edith alishinda uchaguzi mdogo wa Machi 2018, na uchaguzi mkuu wa 2022, msiba ukiwa umeshapoa, akashinda tena.

Hoja ya wapinzani wangu yenye uzito kuliko zote haihusu jina wala machozi. Wanauliza: huyu mama alikuwa anafanya nini kabla? Ana ujuzi gani wa ubunge? Swali zuri. Nalijibu kwa kuutazama ubunge wenyewe ulivyo kwenye jimbo la kisiwa kama hili.

Bunge la bajeti linakaa Dodoma kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kwetu miezi hiyo ni masika, kisha kusi linashika. Bahari kati ya Kilindoni na Nyamisati inachafuka, na mtu aliye Dodoma haji Mafia kwa siku moja akarudi. Mbunge hayupo. Lakini shida za jimbo haziendi Dodoma naye. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya Muhimbili anakuja na ndugu zake kwenye nyumba ya mbunge kutafuta nauli. Mzazi anakuja na barua ya shule. Pana msiba Jibondo, pana maulidi Chole, pana kikundi cha kina mama wa mwani kinachotaka kujua kwa nini mnunuzi ameshusha bei, pana wavuvi waliogombana na watu wa Hifadhi ya Bahari, ambayo ipo hapa tangu 1995 na haijawahi kukosa mgogoro. Wote hao wanapiga hodi. Na anayefungua mlango ni nani?

Anayefungua mlango ni mke. Yeye ndiye anayejua nani ametoka Kanga na nani ametoka Baleni, nani ana shida ya kweli na nani ni mpigaji, mzee gani akikasirika kijiji kizima kinakasirika. Yeye ndiye anayesimama msibani kwa niaba ya mbunge, anakaa chini na wanawake wengine, anasikia yale ambayo hakuna mwananchi atakayeyasema mbele ya kipaza sauti. Anampigia mumewe simu usiku: fulani amefiwa, mtumie salamu; wale wa mashine ya maji wamechoka kuahidiwa. Miaka mitano, kumi, kumi na tano ya kazi hiyo, bila mshahara, bila posho ya kikao, bila jina lake kwenye kumbukumbu yoyote ya serikali. Halafu mume anafariki, mama anasema nitaendelea, na watu waliokula ubwabwa wake wanauliza alikuwa anafanya nini.

Najua kuna nusu nyingine ya ubunge: kusoma miswada, kuzijua kanuni za Bunge, kuisoma bajeti mpaka kwenye fungu lililofichwa. Hiyo mke huenda haijui. Lakini mfanyabiashara wa nazi anayegombea kwa mara ya kwanza naye haijui, wala mkandarasi, wala mstaafu wa jeshi. Wao wanaruhusiwa kujifunza kazini. Margaret Chase Smith wa Maine, Marekani, alikuwa katibu wa mumewe Clyde Smith katika ofisi yake ya Washington. Mume alipofariki mwaka 1940 akachukua kiti chake, na wengi wakadhani atakishikilia mpaka apatikane mwanamume. Akaenda Seneti kwa uchaguzi wa 1948 akakaa mpaka 1973. Mwaka 1950, wakati karibu kila mtu katika chama chake alikuwa anamwogopa Joseph McCarthy na uwindaji wake wa wakomunisti, alisimama Senetini akamkemea. Alijifunzia wapi? Alijifunzia ofisini kwa mumewe, akiandika barua.

Watu wa Ghana walituonyesha ubaya wa kauli hii ukifika mwisho wake. Lydia Seyram Alhassan alishinda uchaguzi mdogo wa Ayawaso West Wuogon, Accra, Januari 2019, baada ya kifo cha mumewe Emmanuel Agyarko. Siku anaapishwa, wabunge wa upinzani walimzomea bungeni wakimwita mjane wa damu. Uchaguzi ule ulikuwa na fujo na risasi, na hasira yao juu ya risasi ilikuwa ya haki kabisa. Lakini risasi hakuzipiga yeye, na neno walilolichagua kumrushia halikuhusu risasi. Lilihusu ujane. Wanaume wangapi wameapishwa katika mabunge ya Afrika baada ya chaguzi za damu, bila mtu kutaja hali ya ndoa zao? Mwaka 2020 mama huyo alishinda tena, dhidi ya mwigizaji maarufu John Dumelo. Mwaka 2024 Dumelo akamshinda. Ndivyo inavyotakiwa: watu wa jimbo walimpa, watu wa jimbo wakamnyang'anya.

Nije sasa kwenye eda, kwa sababu huku pwani ndiyo hoja ya mwisho inayotolewa, na hutolewa kwa sauti ya chini ili ionekane ya dini. Mjane Mwislamu anakaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii manukato, hatoki ovyo. Kwa hesabu ya mwezi wa kuandama ni yapata siku 128. Chaguzi ndogo za kwetu hazingoji hivyo. Kutoka kifo cha Mgimwa hadi kura ya Kalenga zilipita siku 74. Kutoka ajali ya Kones hadi kura ya Bomet zilipita siku 107. Kwa hiyo, wanasema, mjane wa Mafia hawezi kugombea hata akitaka; eda itakuwa haijaisha.

Hesabu yao ni sahihi. Ninachokikataa ni pale wanapoitumia. Eda ni ya mwanamke na Mola wake, haikuwekwa ili wajumbe wa chama wapate nafasi ya kumpitisha mtu wao. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu hapa, wanazuoni wamemruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake, akarudi kulala nyumbani kwake. Kama kuomba ridhaa ya wananchi ni haja ya namna hiyo, hilo ni la kuulizwa masheikh, na mwenye haki ya kuuliza ni mjane mwenyewe. Akisema, mimi nakaa eda yangu kwa ukamilifu, siasa nimeziacha, hilo ni jibu na liheshimiwe. Lakini nimesikia watu wakimjibia kabla hajafungua mdomo. Na watu haohao hawakuuliza kama mtoto wa marehemu amemaliza hata arubaini alipokuwa anazunguka na vipeperushi.

Tume ya uchaguzi na vyama vingeweza kulitatua jambo hili kwa urahisi kama vingetaka. Kampeni haihitaji mgombea apande gari la matangazo kila siku. Anaweza kupokea watu nyumbani, anaweza kuwakilishwa jukwaani na mawakala wake. Wagombea wagonjwa wamewahi kufanyiwa hivyo na hakuna aliyesema uchaguzi umeharibika.

Kuna wale wanaosema: hata kama mjane huyu anafaa, anawazibia wanawake wengine walioanza chini, waliogombea udiwani wakashindwa, wakagombea tena. Hawa ndio ninaowaheshimu kuliko wote katika upande ule, na wanachokiona ni cha kweli. Lakini wanamtazama mtu asiye na funguo. Viti maalum vya wanawake katika Bunge letu vilianza na 15 mwaka 1985; katika mabunge yaliyochaguliwa 2015 na 2020 vilikuwa 113. Kwa upande wa majimbo, mwaka 2020 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja hawakufika thelathini kati ya majimbo 264. Maana yake wanawake wamejaa bungeni, lakini majimboni mlango umefungwa. Mbunge wa viti maalum hana jimbo, hana Mfuko wa Jimbo wa kusimamia, hana kijiji kinachomhesabu kuwa wake. Chama kinamtaka mwanamke aongeze idadi, na kura za maoni zinapofika kinamtafuta mwanamume.

Hapa Mafia, tangu 2005, kiti kimekaliwa na Abdulkarim Shah kwa mihula miwili, kisha Mbaraka Dau, kisha Omari Kipanga aliyechaguliwa 2020. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Nauliza tu kwa nini, katika kisiwa ambacho wanawake ndio wanaokata mwani, wanaookota pweza maji yakitoka, wanaosuka ukili, wanaosomesha watoto chuoni, vyama havijaona mwanamke wa kumsimamisha kila baada ya miaka mitano kama jambo la kawaida. Mahali ambapo milango yote imefungwa, mwanamke anayepita kwenye ule mmoja uliofunguliwa na msiba hapaswi kulaumiwa kwa kupita. Aliyefunga mingine ndiye wa kulaumiwa. Vyama vikianza kuwaona wanawake wenye uwezo wakati waume zao wako hai na wazima, au wakati hawana waume kabisa, mjadala huu utakosa wa kuuendeleza.

Na wale wanaompenda mjane nao wanamkosea, pengine kuliko wanaomchukia. Hawa ni wale wanaopanda jukwaani wakasema tumchague mama ili kumuenzi marehemu, tumpe kura tufute machozi yake. Wanajiona wamemsaidia. Wamemvua kila alichokifanya kwa miaka, wakamkabidhi kwa umma akiwa mikono mitupu, mfiwa wa kupewa. Sirimavo Bandaranaike alipoingia siasa za Sri Lanka baada ya mumewe kuuawa mwaka 1959, walimwita mjane anayelia. Julai 1960 akawa mwanamke wa kwanza duniani kuwa Waziri Mkuu. Serikali yake ilipoipa nguvu sera ya lugha ya Kisinhala peke yake na kuwaumiza Watamil, kosa hilo lilikuwa la kiongozi mwenye mamlaka kamili na lilistahili kulaumiwa hivyo. Mtu unayemchagua kwa huruma huwezi kumhukumu kwa haki: akifanya vizuri utamsifu marehemu, akikosea utamwonea huruma tena.

Kwa hiyo siku ikitokea, Mungu aepushe, mbunge wa Mafia akafariki na mkewe akachukua fomu, nitaomba mikutano yake iwe ya maswali. Aulizwe juu ya kivuko cha Nyamisati na nauli yake, na mgonjwa anayetakiwa avuke usiku upepo ukiwa umechafuka. Aulizwe fedha za wageni wanaokuja kuwaangalia papa potwe zinabaki kisiwani kiasi gani, na mpaka wa Hifadhi ya Bahari utazungumzwaje na watu wa Chole, Juani na Jibondo. Aulizwe bei ya mwani. Aulizwe Mfuko wa Jimbo ulitumika wapi katika miaka ya mumewe, na asikwepe kwa kusema yeye alikuwa mke tu, kwa sababu sote tunajua alikuwa zaidi ya hapo. Akijibu vizuri kuliko wenzake, apewe. Akijibu vibaya, asipewe, na asionewe haya. Ng'ambo yetu tu, Rufiji, mwaka 1965 wapiga kura walimwangusha Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyezunguka nchi nzima kuitafutia TANU wanachama, na hakuna aliyesema hawakumjua wanayemwangusha.